Je, Mwalimu wa Ufundi Apewe Tuzo?

Wazee wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, Chanda chema huvikwa pete. Ya pili yasema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aifuataye ya kwanza atamsifu kila atendaye vema; aifuataye ya pili atanyamaza, asije akaiharibu kazi njema kwa maneno matamu. Sisi kwa miaka mingi tumezitumia zote mbili bila taabu: ile ya kwanza tulipotamani kusifiwa wenyewe, na ile ya pili tulipotakiwa kumsifu mwenzetu. Lakini sasa limetokea jambo linalotulazimisha kuchagua, nasi twapenda ndugu wasomaji walipime pamoja nasi.

Wazazi wa kijijini kwetu wamechanga shilingi 600,000, nao wamekusudia kuchanga kiasi hicho kila mwaka, ili mwalimu mmoja aliyefanya kazi bora apewe tuzo mbele ya watu. Ni nia njema, wala hakuna aliyeipinga. Siku ya mkutano mama mmoja aliyeketi nyuma akainuka akauliza, "Je, yule mwalimu wa ufundi naye yumo katika hesabu?" Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, bali kama wachekavyo watu wasikiapo neno ambalo halikuwajia moyoni. Nasi tulicheka pamoja nao. Tulipofika nyumbani tukaona haya, na kicheko kile ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Maana ilitupasa kukumbuka siku tulipomuaga mwalimu wa useremala. Jina lake hatutalitaja, wala shule yake. Alikuwa amefundisha miaka mingi, na mtu akipita kijijini, karibu kila mlango ufungikao sawasawa, usioburuta chini wakati wa mvua, umetoka mkononi mwake au mkononi mwa mtu aliyefunzwa naye. Siku ile zilitolewa hotuba nne. Kisha akakabidhiwa cheti cha shukrani ndani ya fremu yenye kioo, iliyonunuliwa dukani mjini. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba penye kona, pale vipande viwili vya mbao vilipokutana. Havikukutana. Vilikuwa vimeshikizwa kwa vijisumari, na katikati palikuwa na mwanya wa kuingia ukucha. Hakusema neno. Baadaye akaomba aione karakana kwa mara ya mwisho. Tukatafutana, tukaambiwa ufunguo anao mtunza ghala, kwa kuwa chumba kile kilikuwa kimejazwa magunia ya mahindi tangu miaka miwili nyuma. Meza za useremala zilikuwa chini ya magunia, na jiliwa la kubania mbao lilikuwa limeshikwa na kutu hata halikuzunguka. Msimamizi wa sherehe akasema chakula kinapoa. Nasi tulikuwako, tulikuwa tumepiga makofi kwa nguvu kama wengine.

Basi, swali letu ni hili: je, tulimheshimu mtu yule, au tulijiheshimu sisi wenyewe?

Kwanza yafaa tuseme mwalimu wa ufundi ni nani, maana siku hizi kazi yake imepanuka. Zamani tulimjua kwa randa na patasi tu. Sasa katika nchi nyingi somo lake huitwa ubunifu na teknolojia, na maana yake ni kwamba mtoto huanza kwa kutazama haja ya mtu. Bibi yake hawezi kuinama kuchota maji. Je, chafaa chombo gani? Mtoto hufikiri, huchora, hupima, hutengeneza, hujaribu. Chombo kikivunjika hurudi mwanzo. Katika kazi hii mna fundisho ambalo sisi tufundishao kwa chaki twalionea wivu. Mtoto aweza kumdanganya mwalimu wa historia kwa maneno mengi, tena mwalimu akichoka humpa alama. Lakini ulimi wa ubao usioingia katika tundu lake hauingii. Hapana maombezi wala maelezo. Mwalimu hana haja hata ya kugomba. Humwonyesha mtoto ubao wake, na mtoto huona kwa macho yake kwamba hakusema kweli alipopima.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani hawakupewa ustadi wa mikono peke yake. Walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Twapita hapo upesi tusomapo, tukitafuta dhahabu ya hema.

Lakini tunda la mwalimu huyu hukawia, tena hujificha. Mwanafunzi wa hesabu akifaulu, jina lake hubandikwa ukutani baada ya miezi michache. Kiti kilichotengenezwa vema hakibandikwi popote. Watu hukikalia miaka ishirini bila kuuliza kilitoka wapi. Siku kitakapovunjika ndipo watakapouliza jina la fundi. Kwa hiyo mtu akitaka kumchagua mwalimu bora kwa kutazama mitihani tu, huyu hatamwona kabisa.

Tena dharau ya kazi ya mikono haikuanza jana, wala si ujinga mtupu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikashauri shule za Waafrika zifundishe zaidi kilimo, ufundi na afya. Wazazi wengi walishuku. Walimwona karani akivaa viatu na kupokea mshahara wa kila mwezi, na seremala akibaki na vumbi lake. Wakajiuliza kama randa ile ni zawadi, au ni kamba ya kuwafungia watoto wao chini. Hatuwezi kuwacheka. Baadaye serikali zetu wenyewe zilijaribu kuirudisha heshima ya kazi. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ikaingiza kazi za mikono katika shule za msingi, kisha baada ya miaka masomo hayo yakapunguzwa. Tangu mwaka 2024 Tanzania imeanza mkondo wa amali katika baadhi ya shule za sekondari. Mwalimu wa ufundi anaitwa tena. Kila aitwapo, hotuba hutangulia mbio, na vyombo hufuata nyuma kwa mwendo wa kinyonga.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Tuzo latokana na kutuza, na kutuza ni desturi ya ngomani. Mtu akicheza au kuimba kwa ustadi, mtazamaji huondoka mahali pake, humwendea, na kumpa fedha mbele ya macho ya wote. Mambo matatu yamo katika desturi hiyo, nasi tumeyasahau. Atuzaye hutoa mfukoni mwake mwenyewe. Tena hukaribia, hatupi fedha kutoka mbali. Tena hutuza ngoma ikiwa ingali yalia. Hatujapata kumwona mtu aliyengoja hata mchezaji awe mzee, magoti yamekwisha nguvu, ngoma zimeanikwa, ndipo aende kumtuza. Walakini ndivyo tulivyomfanyia mwalimu wetu.

Tumetafuta habari za wenzetu wa nchi nyingine ili tujue wao hufanyaje. Marekani, waalimu wa kazi za mikono walifanya chama chao mwaka 1939. Jina la chama limebadilika kadiri kazi ilivyobadilika, na sasa ni chama cha waalimu wa teknolojia na uhandisi. Nacho huwatambua waalimu bora katika mkutano wake. Hiyo ni heshima itokayo kwa wenzi wa kazi, nayo ina uzito wake, kwa kuwa fundi ndiye amjuaye fundi.

Lakini tuzo iliyotufikirisha zaidi ilianzishwa hukohuko Marekani mwaka 2017, nayo yaitwa kwa jina la Harbor Freight Tools for Schools. Hutolewa kwa waalimu wa shule za sekondari za umma wafundishao ujenzi, ufundi wa magari, uchomeleaji wa vyuma, umeme na kazi za namna hiyo. Mambo mawili yalitupendeza. La kwanza, waamuzi walisoma maandiko ya waalimu yakiwa yameondolewa majina ya watu na ya shule, wasije wakampendelea wanayemjua. La pili ni namna ya kugawanya fedha. Katika miaka kadhaa ya tuzo hiyo mshindi wa daraja la kwanza alipewa dola 100,000: katika hizo 70,000 zilikwenda kwenye kazi ya ufundi shuleni kwake, na 30,000 zikawa zake mwenyewe. Tuliposoma hivyo tuliweka karatasi chini tukanyamaza kitambo. Mtu aliyepanga hivyo amelijibu swali la mzee wetu aliyeomba ufunguo wa karakana.

Tena kuna mfano wa Uingereza, nao ni wa kutuonya. Huko ubunifu na teknolojia ulifanywa somo la lazima katika shule mwaka 1990. Mwaka 2004 wanafunzi waliotimiza miaka 14 wakaruhusiwa kuliacha. Kisha mwaka 2010 serikali ikatangaza kipimo kipya cha kuzipimia shule, ambacho kilihesabu Kiingereza, hesabu, sayansi, lugha, historia na jiografia. Ubunifu na teknolojia haukuhesabiwa. Yakatokea yale ambayo kila mwalimu angaliweza kuyatabiri: kwa muda wa miaka kumi hivi, waliofanya mtihani wa somo hilo wakapungua zaidi ya nusu, na waalimu wake nao wakapungua sana. Katikati ya upungufu huo, mwezi Machi 2018, mwalimu wa London, Andria Zafirakou, afundishaye sanaa na kazi za vitambaa katika shule ya Alperton, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Ni mwalimu wa kwanza wa Uingereza kuipata. Alisifiwa na wakubwa wa nchi yake. Yeye akatumia fedha ile kuanzisha kazi ya kuwapeleka wasanii mashuleni, akasema waziwazi kwamba masomo ya namna hii yasiachwe yafe. Twampa heshima yake. Lakini twauliza: yawezekanaje nchi imvike pete chanda, na huku mkono unakatwa?

Mwaka uliofuata, 2019, tuzo ile ile ilikuja kwa jirani zetu. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, Nakuru, katika kijiji kiitwacho Pwani, ingawa bahari i mbali kabisa na hapo. Si mwalimu wa useremala, twajua. Walakini wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu, na shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Yeye mwenyewe alikuwa akitoa sehemu nane katika kumi za mshahara wake kwa wahitaji. Na mwaka 2020 mwalimu wa India, Ranjitsinh Disale, alipotajwa kuwa mshindi, aligawanya nusu ya fedha kwa wenzake tisa waliofika naye mwisho, kila mmoja akapata dola 55,000. Twaona hapa jambo la kustaajabisha. Watu hawa, walipopewa, walifanya haraka kuitoa mikononi mwao, kama mtu aliyepewa kaa la moto. Si kwa sababu waliidharau. Nadhani walijua ya kuwa haikuwa yao peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapana mwalimu aliyemfanya mtoto peke yake.

Basi, tumrudie yule mgema. Je, ni kweli kwamba sifa huharibu kazi? Tumeona waalimu walioharibiwa na sifa, lakini kwa hesabu yetu ni wachache kuliko walioharibiwa na ukimya. Mtu akifanya kazi njema miaka kumi na hakuna anayegeuka kutazama, huanza kujiuliza kama macho yake mwenyewe yamwambia kweli. Hatii maji katika tembo. Huacha kupanda mnazi.

Neno zito zaidi tuliambiwa na mwenzetu mmoja afundishaye ufundi. Alisema, "Msinipe cheti. Nipeni mshahara kwa wakati, na msumeno." Hapo ndipo penye hatari ya jambo hili. Sifa ni rahisi kuliko haki. Mtu aweza kumsifu mdai wake hata mdai akaona aibu kudai. Nasi tukifikiri vema, tuzo kwa mwalimu wa ufundi si malipo hata kidogo. Ni ungamo. Ni jamii kusimama na kusema, Twalikuwa tukikucheka, nasi tulikosa. Mtu aliyeungama kwamba amechukua mbuzi wa jirani, kisha akaenda zake na mbuzi, tumwiteje? Ndiyo sababu zile sehemu saba katika kumi zimetukaa moyoni. Ungamo lililokuja na vyombo ni ungamo la kweli.

Tena kuna shida ya kuchagua. Tuzo nyingi humtaka mwalimu ajaze karatasi na kueleza wema wake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini karatasi hizi humlazimisha mzuri naye ajitembeze, na yule asiyejua kujitembeza huachwa nyuma. Waalimu wa ufundi wengi tuwajuao husema kidogo, na kalamu huwachosha. Mzee wetu asingalijaza hata mstari mmoja. Kwa ajili yake tumewaza njia nyingine: siku ya uamuzi, wale waliofundishwa na mwalimu miaka mitano au kumi iliyopita walete walichotengeneza. Walete kiti, bawaba, jiko la bati, pampu ya maji, gauni. Viwekwe uwanjani bila jina. Watu wavikalie, wavifungue na kuvifunga, wavitie maji. Twadhani huo ni mtihani ambao mwalimu wa ufundi hatauogopa.

Juma lililopita tulikwenda kumtembelea yule mzee, tukamweleza mashauri haya. Cheti chake kiko ukutani, ndani ya fremu mpya ya mninga, na kona zake zimefungamana hata ukucha hauingii. Tukamwuliza ile fremu ya kwanza iko wapi. Akasema mkewe aliipikia uji. Habari ya tuzo aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kwamba lile jiliwa limekwisha kutiwa mafuta.

Katika kamati tumetoa shauri kwamba, akishinda mwalimu wa ufundi, shilingi 420,000 zinunue vyombo vya karakana, na 180,000 ziwe zake. Mzee mmoja wa kamati amelipinga kwa nguvu. Alisema, "Tuzo gani hiyo, ambayo mtu hupewa kwa mkono wa kuume na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto? Akishinda mwalimu wa hesabu, mtazikata fedha zake mnunue chaki? Vyombo ni deni la wenye shule, si la mshindi." Hatukuwa na jibu zuri, maana amesema kweli. Tulijibu tu kwamba wenye shule ni sisi, na deni hilo tumelijua miaka mingi bila kulilipa. Yeye akasema, kama ni hivyo, zichangwe fedha mbili mbalimbali, za mtu na za karakana. Na watu waliposikia habari ya kuchanga mara mbili wakatazama chini.

Mkutano umeahirishwa hata baada ya mavuno. Na yule mama aliyeketi nyuma ametuma neno kwamba siku hiyo atakuja na swali jingine: mahindi ya mwaka huu yatawekwa wapi.